Mchezo wa Televisheni Katika Mji Usio na Televisheni

Juzi mjukuu wangu Neema, ambaye ni wakala wa forodha pale Tunduma, alinipigia simu anahema kama aliyekimbizwa na nyuki. Mteja wake ameagiza mashine za michezo ya video. Mashine zenyewe zimeshapita, lakini vile vishikio vya kuchezea vimekuja nyuma, kwenye lori jingine, peke yake. “Bibi, niviandike nini? Vifaa vya umeme? Vipuri? Au midoli?” Nikamwuliza, umevishika mkononi? Akasema hapana, ameviona kwenye picha. Kwenye picha! Nikakata simu.

Sikukata kwa hasira. Haya, nilikata kwa hasira kidogo. Lakini baadaye nikiwa nachambua maharage nikajikuta nacheka mwenyewe, maana swali hilohilo nililikuta Mbeya kabla mama yake Neema hajazaliwa. Nikaona bora niliandike, asome yeye na ninyi wenzake wote mnaojua kubonyeza kuliko kugusa.

Mnaguna? Mnadhani michezo ya video ilianza na ninyi? Thubutu! Miaka ya sabini ikielekea ukingoni tayari ilikuwa imefika kwetu, na ilikuja kwa treni.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhehe wa Ifunda, Iringa. Forodha nilianza nikiwa binti mwembamba, msiponiamini shauri yenu, na aliyenifundisha kazi alikuwa Mngoni, Mzee Gama. Anayejua utani wa Wahehe na Wangoni ameshaelewa shule yangu ilikuwaje. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akawaambia wenzake, “Wametuletea Mhehe. Mfungeni yule mbwa wa ghala mbali kidogo, asije akageuzwa kitoweo tukakosa mlinzi.” Nikamjibu kwamba babu zake walivyokimbia kutoka kwetu waliacha hata vyungu jikoni, na kama anavitaka bado tumevitunza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanivutia kiti. Toka siku hiyo tulikuwa baba na mwana.

Kazi yetu watu hudhani ni kudai ushuru. Ushuru unakuja mwisho. Kazi yenyewe ni kukipa kitu jina lake. Tulikuwa na kitabu kinene chenye mafungu ya kila kitu ambacho binadamu anaweza kukipakia kwenye lori, na kila fungu lina amri yake: hiki kipite bure, hiki kilipiwe, hiki kisipite kabisa. Ukikosea jina umemkosea mtu. Anaweza kulipa asichodaiwa, anaweza kunyang'anywa kilicho halali yake. Mzee Gama alikuwa na msemo wake: “Usikiulize kitu kinafananaje. Kiulize kinafanya nini.”

Siku zile hakuna kompyuta ya kukuambia. Ulinusa, ulipima kwa mkono, ulitikisa, ulifungua kifuniko. Mimi kunusa kuliniponza mapema. Lilikuja debe la unga mweupe, mali ya wafugaji waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, nami kwa kujifanya hodari nikaingiza pua yote. Kumbe dawa ya kuogeshea mifugo. Nilipiga chafya mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka, na Mzee Gama akaniambia sasa angalau kupe hawatanisogelea. Kwa hiyo nusa, lakini kwa mbali, na usome lebo kwanza.

Aibu nyingine niliipata Iringa, tulipokwenda kukagua mzigo wa kanisa moja la Kilutheri. Kilikuwa kinanda kikubwa cha upepo, na pamoja nacho benchi lake. Mimi nikakiandika kinanda penye vyombo vya muziki, vizuri kabisa, halafu benchi nikalipeleka kwenye samani, maana benchi ni kiti, na kiti ni samani, ni nani atanibishia? Mchungaji, mtu mpole sana, akauliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, sasa mpigaji atapiga amesimama?” Mzee Gama hakunikaripia. Alinibebesha lile benchi nilizunguke nalo uwanja wa kanisa nikilitafutia kazi nyingine. Kwa meza ni fupi. Watu wawili hawaenei. Ukifunua juu, ndani mna nafasi ya vitabu vya nyimbo. Nilipochoka akasema, “Mtoto akija ameongozana na mama yake, mwandike kwa mama yake.” Nilirudisha benchi kwa kinanda, na mchungaji akatupa maparachichi.

Neema, hapo umeshapata nusu ya jibu lako. Vishikio vikija na mashine, vinaandikwa na mashine. Vikija peke yake, vishike, vijaribu: vinaweza kufanya kazi kwenye kitu kingine chochote? Kama vinafaa kwa mashine ile tu, basi ni watoto wa mashine ile hata kama wamechelewa njiani. Lakini huwezi kulijua hilo kwa picha, mwanangu.

Sasa nije kwa mtu aliyenifundisha nusu ya pili.

Reli ya kwenda Zambia ilipofunguliwa, watu wetu waliokuwa migodini kule walianza kurudi na vyombo vyao vya nyumbani, wakishukia Mbeya, penye ghala letu. Wengi walikuwa Wanyakyusa wa Rungwe. Walikuwa wamekwenda vijana, wanarudi na mvi. Mmoja wao alikuwa Ndugu Asajile, mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha mgodini. Alikuwa na mkewe, tulimwita Mama Atupele; watoto wao walikuwa wamebaki kule kwa masomo. Huyu mama alizaliwa na kukulia hukohuko Zambia, wazazi wake wakiwa Wanyakyusa wa huku, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na Kibemba ndani, na nyumbani kwa mumewe Tukuyu alikuwa anakwenda kukuona kwa mara ya kwanza. Mama mkwe wake hajawahi kumtia machoni.

Mzigo wao ulikuwa wa kawaida: kitanda, baiskeli, mabati, mablanketi, na kasha moja la mbao lenye cherehani ya Mama Atupele. Cherehani hiyo ndiyo ilikuwa mpango wao wote. Asajile kifua kilikuwa hakimruhusu tena kazi ngumu. Mama angeshona, wangekula. Mama mwenyewe alituambia hivyo huku tunafungua kamba, bila kuulizwa, kwa furaha ya mtu aliyefika.

Ndani ya kasha la cherehani, limeviringishwa blanketi, tukakuta kisanduku cha plastiki chenye vifundo viwili vya kuzungusha. Pembeni yake, kwa waya mrefu, imening'inia bastola.

Askari wetu wa getini aliruka kinyumenyume akakanyaga beseni. Nami sisemi uongo, nilirudi nyuma. Zilikuwa siku za wasiwasi, mtu huoni kitu chenye mtutu ukacheka. Mzee Gama ndiye aliyeiokota, akaipima mkononi. “Plastiki,” akasema. “Hii hata kunguru haitamtisha. Ndugu, hiki ni nini?”

Asajile akajibu taratibu kwamba ni mchezo wa kuchezea kwenye televisheni. Alipewa na jirani yake mzungu, fundi wa mgodi, aliyekuwa anahama.

“Televisheni yenyewe iko wapi?”

“Ilikuwa ya kampuni. Nyumba ya kampuni, televisheni ya kampuni. Mchezo ndiyo ulikuwa wangu.”

“Sasa mbona umeubeba? Huku hakuna televisheni!”

Ni kweli, siku hizo huku bara hakukuwa na kituo hata kimoja, na seti yenyewe ya televisheni ungeitafuta Mbeya nzima kama sindano. Asajile akainamisha kichwa. “Itakuja tu siku moja,” akasema.

“Mnamsikia?” mkewe akatudakia. “Iwe, wewe! Mtu ananunua viatu na mimba bado! Nilimwambia, Baba Atupele, hilo dubwana liache. Akanijibu ataliweka kwenye cherehani lisivunjike.”

Tulicheka wote. Kicheko kiliisha alipoingia mkuu wetu.

Jina lake nitaliacha. Kwa siri tulimwita Ndugu Kanuni. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Hakupokea hata yai la mtu. Lakini alikuwa na hofu ya kukosea, na mtu mwenye hofu hiyo ukimpa kitu kigeni atakipa jina baya kuliko yote ili asilaumiwe. Alikizunguka kile kisanduku, akaona vile vifundo, akasema, “Mashine ya kamari.” Alikuwa amesikia kwamba kule migodini wazungu wana mashine katika vilabu vyao, mtu anacheza mshahara mpaka unaisha.

Mashine za kamari zilikuwa marufuku. Na kanuni ilisema kitu cha marufuku kikikutwa kimefichwa ndani ya mzigo, basi na kilichokificha kinakwenda nacho. Blanketi linakwenda. Kasha linakwenda. Cherehani inakwenda.

Mama Atupele alielewa kabla ya mumewe. Aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya ghala, akaweka mikono kichwani. “Hakuficha,” akasema. “Alifunika lisivunjike. Jamani, mtu akifunika yai utasema amelificha?” Kisha akaanza kulia. “Nitaingiaje kwa mama mkwe mikono mitupu? Miaka yote hiyo mwanawe yuko kwangu, halafu nifike na nini? Na domo?”

Ndugu Kanuni alisema Jumatatu atapeleka shauri mbele, na mzigo wote ukae ghalani. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Basi mimi na Mzee Gama tukabaki na kile kisanduku mezani. Bastola haikunisumbua. Waya wake ulichomekwa kwenye kisanduku na haukuingia pengine popote. Ilikuwa mtoto aliyekuja na mama yake. Kilichobaki ni kujua mama mwenyewe ni nani. Kitabu chetu kilikuwa na fungu la michezo na midoli, kilikuwa na fungu la redio na jamaa zake, na kilikuwa na orodha ya vilivyokatazwa. Mchezo wa televisheni hakuna. Walioandika kitabu walikuwa hawajauona.

Mzee Gama akafikiri mpaka chai ikapoa. Jioni akamfuata mkuu mlangoni. “Ndugu, kanuni inasema tusikiainishe kitu bila kukikagua.”

“Nimekikagua.”

“Kikifanya nini?”

Hapo ndipo nilipompenda mkuu kidogo, kwa sababu angeweza kufoka. Badala yake alisema, “Utakionaje kikifanya kazi bila televisheni? Na hata ukipata televisheni, bila kituo itaonyesha nini?”

Swali la kituo nililiweka kando, maana hata mimi niliamini televisheni bila kituo ni kabati tu. Lakini la seti nililijua. Mtaani kwetu alikuwa anaishi Mzambia mmoja mfanyakazi wa reli, Ba Chanda, yaani Bwana Chanda kwa lugha ya kwao, aliyehamishiwa Mbeya na vyombo vyake vyote. Televisheni yake tuliipitisha sisi wenyewe, kwa ahadi kwamba atakapohama ataondoka nayo. Mkewe alikuwa ameitandikia kitambaa cha kufuma, juu yake ameweka redio, na juu ya redio maua ya plastiki.

Jumamosi mchana tukaenda kwa Ba Chanda: mkuu, Mzee Gama, mimi, na wenye mali. Mkuu alibeba kisanduku mwenyewe, hakumwachia mtu.

Ba Chanda alifurahi kama aliyeletewa mgeni wa harusi. Akashusha maua, akashusha redio, akaondoa kitambaa, akafuta vumbi. Nikamwuliza lile la kituo. “Ah, mama, kituo si hiki hapa?” akasema, akigonga kile kisanduku. “Hiki kinajitengenezea picha chenyewe. Hakiombi kwa mtu.” Tukatia betri, za kuazima kwenye redio yake, maana madukani hazikuwepo. Akachomeka waya, akawa anazungusha kifundo cha televisheni polepole. Kioo kikajaa mchele mweupe unaochemka. Tukasubiri. Mchele, mchele, mchele. Ghafla ukatulia, pakawa peusi, na katikati ya weusi kukatokea vijiti viwili na doa dogo jeupe linatembea huku na huku, tii, tii, tii.

Wanangu, ninyi mna picha ambazo mtu anatoka jasho na unaliona. Sisi tuliona doa. Lakini sijawahi kuona kitu kizuri kama lile doa. Mke wa Ba Chanda alipiga kigelegele. Majirani wakaanza kujaa dirishani. Mzee Gama, mtu mzima yule, akanishika mkono bila kujua kwamba amenishika.

Mkuu hakutabasamu. “Na bastola?”

Ba Chanda akageuza swichi. Vijiti vikatoweka, pakabaki mraba mweupe unaorukaruka kiooni. Ukiupiga, kinalia, na namba juu inaongezeka. Mkuu akasema vema, mwenye mali atuonyeshe. “Kama ni ustadi, tutaona ustadi. Kama ni bahati, ni kamari, na mimi nitaandika kamari.”

Hapo lilipowekwa swali, kila mtu chumbani alijua kinachopimwa. Si kisanduku. Ni cherehani.

Asajile akashika bastola. Akalenga, mnyonge wa Mungu. Akakosa. Akakosa tena. Akakohoa, akalenga vizuri, akakosa. Mkuu akaichukua, akalenga, akakosa naye. Akageuka kutuambia kitu, bastola imeelekea dirishani, kidole bado kiko kwenye kifyatuo, kikafyatuka. Piii! Namba ikaongezeka.

“Nimepiga dirisha,” mkuu akasema. Akarudia kulielekezea dirisha makusudi. Piii! Akaielekezea taa ya darini. Piii! “Mmeona wenyewe. Ukilenga unakosa, usipolenga unapata. Kama hii si bahati nasibu, bahati nasibu ni ipi?” Akaiweka mezani. Hakusema kwa ushindi. Nadhani hata yeye roho ilimuuma.

Nilimtazama Mzee Gama, naye akatazama viatu vyake. Asajile alikuwa ameegemea ukuta.

Ndipo Mama Atupele aliponyanyuka kwenye mkeka. Alikwenda dirishani, akawafukuza majirani kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku, akavuta pazia. Akazima taa. Chumba kikawa na giza, mwanga pekee uliobaki ni ule mraba unaoruka. Akachukua bastola, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasimama upande kidogo. Piii. Piii. Piii. Piii.

Hakuwa anakosa! Mraba ukiruka kulia, yuko. Ukishuka, yuko. Mke wa Ba Chanda alianza kuhesabu kwa sauti, akachoka, akaacha. Gizani mle ndipo na mimi nikaelewa: ile bastola haitoi kitu, inaona tu. Inaona mwanga. Dirisha ni mwanga, taa ni mwanga, ndiyo maana ililia. Ondoa mianga mingine, unabaki na jicho la mtu na mkono wake. Nikamwambia mkuu hivyo, nikiongea haraka mpaka maneno yanakanyagana.

Mkuu akafanya kitu ambacho nimewasimulia wanafunzi wangu wote wa forodha. Alimwambia Mama Atupele, kwa adabu, “Mama, hebu sasa kosa.”

“Nikose?”

“Kosa mpaka nikuambie.”

Akakosa. Kimya, kifyatuo kinasikika tu, mraba unaruka bila kuguswa. “Sasa piga.” Piii. “Kosa.” Kimya. “Piga.” Piii! Walikwenda hivyo, yule anaamuru, huyu anatii, mpaka Mzee Gama akaanza kucheka kwa kwikwi gizani.

“Washeni taa,” mkuu akasema. Taa ilipowaka alikuwa ameshavua kofia, akanigeukia. “Bahati haiamriwi. Huu ni mchezo. Bastola ni sehemu yake. Ndugu Twilumba, andika mchezo, pamoja na vifaa vyake, mali ya nyumbani iliyokwisha kutumika ya raia anayerudi. Kasha halina kosa.”

Mama Atupele hakushangilia. Alikaa kwenye mkeka akajifunika uso kwa kanga, mabega yanacheza. Mumewe akaenda akachuchumaa mbele yake na kumwambia kitu kwa Kinyakyusa, sikukisikia. Nilichosikia ni jibu lake: “Ndaga fijo? Eti asante sana? Nitakupiga na wewe!” Tukajua yuko salama.

Nataka niseme kitu kuhusu mkuu, maana vijana mnapenda kuwacheka wakubwa. Alikaa kwa Ba Chanda mpaka jua lilipoinama, anajaribu kupiga ule mraba. Alipata mara chache. Kila akipata alitazama huku na huku kama tumeona, na sisi tulihakikisha tumeona. Na baadaye, zilipokuja mashine kubwakubwa za kiwanda cha karatasi kule Mgololo, zimekatwa vipande kwenye makasha, yeye ndiye aliyewakataza watu kuandika kila kipande peke yake kabla ya kuuliza vikiunganishwa vinafanya nini. Mtu anaweza kujifunza uzeeni, mradi mna subira naye.

Jumatatu pikapu ya ndugu zao ilifika kutoka Tukuyu. Tuliwasaidia kupakia, sote, hata mkuu alishika upande wa kitanda. Asajile alizunguka anahakiki kamba huku anapiga mluzi. Mambo yalipokuwa tayari, mkuu akamsogelea Mama Atupele. Kuna jambo lilikuwa linamkera tangu Jumamosi, nililiona.

“Mama,” akasema, “Ijumaa nzima ulituona tunahangaika. Ukalia. Ukaketi chini. Na kumbe unaujua mchezo ule kuliko mtu yeyote. Kwa nini hukusema?”

Mama Atupele alikuwa anapanda. Akashusha mguu tena chini ili amjibu vizuri.

“Baba Atupele alikuwa mgodini kila jioni. Ulikuwa wangu na wanangu, yeye hata hajui swichi iko wapi. Lakini mlipouliza hiki ni nini, mlimwuliza yeye. Mkamwuliza Ba Chanda. Mkaulizana ninyi kwa ninyi.” Akanigeukia mimi, mwanamke mwenzake mwenye sare, hakuwa na hasira hata kidogo. “Mimi mliniuliza kitu kimoja tu, dada. Jina la mume wangu.”

Nilikuwa na kalamu mkononi na sikujua niiweke wapi. Mwishowe nikamsogelea mlangoni mwa pikapu nikamwambia, “Naitwa Twilumba. Wewe jina lako nani?”

Akacheka. “Lusekelo,” akasema. “Njoo Tukuyu, nikushonee gauni la maana, hiyo sare inakuzeesha.” Akaomba cherehani yake ishushwe kutoka nyuma, akaipakata mapajani, wakaondoka.